Watu Waketi Mlimani Wasikilizane

 Leo, wasikilizaji, nataka tuwazungumzie Wagiriki wa kale, na nina sababu.

Urithi mmoja wa Wagiriki tunaujua sisi kuliko watu wengi duniani. Michezo ya Olimpiki ilianzia kwao, mahali paitwapo Olympia, na binti wa milima hii yetu ya Kuresoi, kaunti ya Nakuru, Faith Kipyegon, ametwaa dhahabu ya mita 1500 mara tatu mfululizo: Rio mwaka 2016, Tokyo mwaka 2021, Paris mwaka 2024. Mtoto wa shule ya msingi hapa Keringet atakueleza mbio hizo ni mizunguko mingapi na kengele hulia lini. Lakini Wagiriki hao hao waliacha urithi mwingine, nao ni ukumbi wa michezo ya kuigiza uliochongwa kwenye ubavu wa mlima, watu wakiketi juu na waigizaji wakicheza chini. Huo hatujaudai. Mimi nasema tuudai, na nasema hivyo hasa kwa ajili ya Kuresoi.

Kwanza tuuone ukumbi wenyewe. Mjini Athens kuna kilima cha mawe kiitwacho Acropolis, na kwenye mteremko wake wa kusini ndipo walipokuwa wakikusanyika kila mwaka majira ya kuchipua, karibu na mwezi wetu wa Machi, kwa tamasha ya mungu wao Dionysus. Chini palikuwa na kiwanja cha udongo ulioshindiliwa, cha kuimbia na kuchezea. Nyuma ya kiwanja palikuwa na kibanda cha waigizaji kubadilishia maleba na vinyago vya uso. Hapakuwa na paa, pazia wala taa. Mchezo ulianza asubuhi na jua ndilo lililomulika.

Sasa sikiliza jambo hili, kwa sababu wengi hulikosea. Ngazi za mawe unazoziona kwenye picha zilikamilika katika karne ya 4 KK, wakati fedha za mji zilipokuwa mikononi mwa kiongozi aitwaye Lycurgus. Kufikia hapo Aeschylus, Sophocles na Euripides, watunzi wakubwa watatu wa tanzia, walikuwa wamekufa zamani. Tamthilia zao, ambazo ulimwengu unazisoma hadi leo, zilichezwa mara ya kwanza mbele ya watu walioketi kwenye mbao na udongo wa mlima. Mawe yalikuja baadaye, ukumbi ukiwa tayari umefanya kazi yake kubwa. Kwa hiyo yeyote atakayetuambia kwamba jambo hili ni la matajiri, tumjibu kwa historia.

Ukumbi wa kale uliohifadhika vizuri kuliko nyingine uko Epidaurus, nao ulijengwa katika karne hiyo hiyo ya 4 KK. Una safu 55 za viti vya mawe ya chokaa, na watu wapatao 14,000 waliweza kuketi humo. Mwaka 2007 watafiti wa taasisi ya Georgia Tech ya Marekani walieleza kwamba zile safu za viti hupunguza sauti nzito nzito, kama vile upepo na minong'ono ya watu, na kuziacha sauti nyembamba za maneno zipite. Waongoza watalii wamekuwa wakisema kwamba hata mnong'ono wa jukwaani husikika kiti cha juu kabisa. Wataalamu wa chuo kikuu cha teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, wakaenda na vyombo vyao wakapima, na mwaka 2017 wakatoa jibu: anayesema kwa sauti kubwa anaeleweka hadi juu, anayenong'ona anaeleweka na walio mbele tu.

Mimi jibu hilo limenifurahisha kuliko hadithi ya watalii. Ukumbi ule ulimtaka mtu aseme kwa sauti, mchana, mbele ya wote. Na sisi wa Kuresoi tunajua vizuri madhara ya maneno yasiyosemwa kwa sauti. Tunavijua vijikaratasi vilivyotupwa usiku mlangoni mwa mtu kumwambia ahame. Tunajua habari zilizopitishwa mdomo kwa sikio kwenye shamba la viazi kwamba jamii fulani inajiandaa. Mwaka 1992, wakati wa mapigano ya kikabila, ilikuwa hivyo, na mwaka 2007 Kuresoi iliwaka moto hata kabla kura ya Desemba haijapigwa. Nyumba zilichomwa na watu wakaondoka na watoto mgongoni. Hakuna aliyesimama mchana, mbele ya jirani zake wote, akasema waziwazi kilichokuwa moyoni mwake. Kila kitu kilipitia gizani.

Turudi Athens. Tamasha ile ilikuwa ya mji mzima na ya serikali. Kabla ya michezo kuanza, yatima wa vita, vijana ambao baba zao walikufa wakiupigania mji na wakalelewa kwa gharama ya umma, walipitishwa mbele ya watu wakiwa wamevaa silaha walizopewa na mji. Kodi zilizoletwa na miji iliyo chini ya Athens zilionyeshwa hapo hapo. Serikali ilijitukuza, na ilikuwa na haki yake. Lakini ilipokwisha kujitukuza ilikaa chini, na mtunzi akasema. Na walichosema watunzi hao mara nyingi hakikuwa cha kupendeza: mfalme anayejiona ana hekima kumbe yeye ndiye chanzo cha balaa la mji wake, mtawala anayemnyima maiti kaburi, mama za watu waliotekwa wakilia. Gharama za kuwafundisha waimbaji zilibebwa na matajiri walioteuliwa kwa kazi hiyo. Waamuzi walipatikana kwa kura ya bahati kutoka makabila kumi ya mji, ili pasiwe na upande mmoja utakaowanunua.

Sidanganyi kwamba walikuwa malaika. Walikuwa na watumwa, na waigizaji wote walikuwa wanaume. Na siku moja, mbele ya mchezo, Waathene wenyewe walishindwa. Mwaka 494 KK Waajemi waliuangamiza mji wa Miletus, mji wa Wagiriki wenzao kwenye pwani ya nchi tunayoiita sasa Uturuki. Muda si mrefu mtunzi mmoja, Phrynichus, akatoa tamthilia kuhusu maangamizi hayo. Mwanahistoria Herodotus anaeleza kwamba ukumbi wote ulibubujikwa na machozi. Basi Waathene wakafanya nini? Wakamtoza mtunzi faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha msiba wao wenyewe, wakapiga marufuku mchezo ule usichezwe tena.

Nawaelewa. Naielewa hofu ya chifu, ya mzee wa mtaa, ya mwalimu mkuu, anaposikia kwamba vijana wanataka kuigiza habari za 1992 au 2007. Anawaza: kidonda kimefunga, mbona mkitoneshe? Hofu hiyo ni ya kweli, nayo haitoki kwa watu wabaya. Lakini hadithi ya Athens haikuishia pale.

Mwaka 480 KK Waajemi walifika Athens yenyewe wakauchoma mji. Wagiriki wakawashinda baharini, Salamis. Miaka minane baadaye, mwaka 472 KK, Aeschylus akaleta mlimani tamthilia kuhusu vita hivyo hivyo. Huyu alikuwa askari. Alipigana Marathon dhidi ya Waajemi, na ndugu yake Cynegeirus aliuawa pale. Hakuna ambaye angemlaumu kama angeleta mchezo wa kuwatukana adui. Akaleta mchezo ambao hauna Mgiriki hata mmoja jukwaani. Mahali ni ikulu ya Uajemi. Anayelia ni mama wa mfalme wa Uajemi, na wazee wa Uajemi wanauliza vijana wao wako wapi, na majina ya Waajemi waliokufa yanatajwa moja baada ya jingine. Watu wa Athens, ambao mji wao ulikuwa bado na alama za moto, walikaa kwenye mteremko ule wakasikiliza kilio cha nyumba ya adui. Wakampa Aeschylus zawadi ya kwanza.

Kwangu mimi hapo ndipo ulipo urithi wenyewe, kuliko nguzo na ngazi. Mtu aliyeumizwa alikubali kumsikia mama wa aliyemuumiza.

Sasa tazama Kuresoi. Kila jamii hapa ina kilio chake, na kila jamii inakijua chake tu. Mkikuyu atakusimulia Olenguruone ya miaka ya 1940, jinsi babu zake walivyokataa masharti ya serikali ya kikoloni kuhusu ardhi, wakala kiapo cha umoja, wakafukuzwa. Mogiek atakusimulia kuhamishwa kutoka msitu wa Mau, na atakutajia tarehe 26 Mei 2017, siku Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha ilipoamua kwamba haki zake zilivunjwa. Mkipsigis ana simulizi yake ya ardhi iliyochukuliwa na walowezi na mashamba ya chai. Mkisii aliyenunua ekari zake kwa jasho na kuzipoteza usiku mmoja ana yake. Simulizi zote hizi zinasimuliwa nyumbani, jikoni, kwa lugha ya nyumbani. Nani amewahi kumsikia mama wa upande wa pili akilia simulizi yake hadi mwisho bila kukatizwa?

Nawauliza vijana wa Keringet mnaoandika: ni nani kati yenu, mtoto wa Mkipsigis, atakayeandika mchezo wa mama wa Kikuyu aliyelala kanisani na watoto wake mwaka 2007? Na ni nani kati yenu, mtoto wa Mkikuyu, atakayeandika mchezo wa mama wa Kipsigis aliyemzika kijana wake mwaka ule ule? Aeschylus alifanya hivyo baada ya miaka minane. Kwetu miaka imepita mingi zaidi ya hiyo.

Msije mkasema kwamba hatuna kipaji. Nchi hii ina tamasha ya drama ya shule na vyuo ambayo mizizi yake inafika mwishoni mwa miaka ya 1950. Inaanza chini kabisa, inapanda ngazi baada ya ngazi hadi taifa, na kila mwaka wanafunzi wanaimba, wanacheza, wanakariri mashairi na kuigiza mbele ya waamuzi. Kwa maoni yangu hakuna kitu katika Afrika Mashariki kinachofanana na tamasha ya Dionysus kuliko hicho. Ni mashindano, kuna kundi la waimbaji, wazazi wanachanga maleba, na serikali imekaa mstari wa mbele.

Na mwaka 2025 tamasha hiyo ilifanyika hapa hapa kaunti ya Nakuru. Mnakumbuka. Shule ya wasichana ya Butere ilikuwa na mchezo uitwao Echoes of War, ulioandikwa na Cleophas Malala, aliyekuwa seneta wa Kakamega. Mchezo ulizungumzia ufalme wa kubuni uliotoka vitani, na vijana wanaowauliza wazee maswali. Ukaondolewa mashindanoni, Mahakama Kuu ikaamuru wasichana waruhusiwe kucheza. Mkesha wa siku yao, Malala akakamatwa. Tarehe 10 Aprili, katika shule ya wasichana ya Kirobon, polisi walirusha vitoa machozi, wananchi na waandishi wa habari wakasukumwa mbali. Wasichana wakaingia, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kucheza. Walilalamika kwamba hakuna vyombo vya sauti, mwelekezi wao hayupo, na hakuna hadhira. Wamchezee nani?

Swali hilo la hadhira nalibeba hadi leo. Wasichana wa shule ya upili waliwaeleza wakubwa wao kanuni ambayo kila ukumbi wa mlimani umejengwa juu yake: wanaoketi ni sehemu ya mchezo. Ukiwafukuza, hakuna mchezo uliobaki. Haikuwa mara ya kwanza kwa Butere. Mwaka 2013 mchezo wao Shackles of Doom, wa mtunzi huyo huyo, ulipigwa marufuku, na Mahakama Kuu ikaifuta marufuku hiyo. Katiba yetu, kifungu cha 33, inataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa kwa jina. Yaliyotokea Kirobon yalikuwa makosa, na ni vyema sisi wa Nakuru tuseme hivyo, kwa kuwa yalitokea nyumbani kwetu.

Wengine wetu ni wazee kiasi cha kukumbuka Kamĩrĩĩthũ, kule Limuru. Wanakijiji, wakulima na vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa viwanda, walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kukaa watu zaidi ya 2,000. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakawaandikia mchezo kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, na mazoezi yakafanywa hadharani, kila mpita njia akiwa na ruhusa ya kusema hapo mmekosea. Maonyesho yalianza Oktoba 1977. Katikati ya Novemba leseni ikafutwa. Mwaka ulipokuwa ukiisha Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 1982 polisi wakaubomoa ukumbi ule. Ngũgĩ alifariki Mei 2025, chini ya miezi miwili baada ya Kirobon. Ukiangalia tarehe hizo mbili pamoja unaona ni kazi kiasi gani imebaki.

Kumbi za namna hii si ngeni kwetu Waafrika. Wagiriki wenyewe walichonga mmoja mlimani Cyrene, katika nchi ya Libya. Zanzibar, ndani ya Ngome Kongwe, kuna ngazi za duara ambapo watu wamekuwa wakiketi usiku kusikiliza muziki wa tamasha ya Sauti za Busara. Na tamthilia za Kigiriki tumeshazisoma kwa lugha yetu: Samuel Mushi wa Tanzania alimfasiri Sophocles, kitabu kikatoka mwaka 1971 kwa jina la Mfalme Edipode. Gerezani Robben Island, Nelson Mandela aliigiza nafasi ya mtawala Creon katika mchezo wa Antigone. Mfungwa alivaa nafasi ya mfungaji.

Sasa nije kwenye ombi, maana sikupewa muda huu niwasimulie tu. Keringet haina ukumbi. Anayetaka kuona mchezo wa kuigiza asafiri kupitia Molo hadi Nakuru mjini, kwenye Nakuru Players Theatre, jengo la tangu wakati wa ukoloni, na nauli ya watu watano wa nyumba moja ni mzigo. Vijana wetu wanafanyia mazoezi madarasani, kati ya madawati.

Lakini miteremko tunayo. Tazama tunavyoketi kwenye nyasi kutazama mpira na mbio: mlima umeshatupangia viti. Kinachotakiwa ni kipande kidogo cha ardhi ya umma chenye mteremko mzuri, kikatwe ngazi za udongo zilizoshikiliwa kwa mawe ya hapa hapa, mifereji ya kupitisha maji ya mvua ichimbwe pembeni udongo usiporomoke, na chini pasawazishwe pawe duara. Nyuma kijengwe chumba kimoja cha kubadilishia maleba, na choo. Fundi wa mawe wa Keringet anaiweza kazi hiyo. Ngazi ziwe nusu duara, na hilo nalisisitiza, kwa sababu kwenye nusu duara humtazami mwigizaji peke yake. Ng'ambo unamwona jirani yako, mchana kweupe, na unaona machozi yake yanapotoka.

Najua mtaniuliza habari ya mvua. Mvua ya Mau haitanii, na baridi yetu inajulikana. Ndiyo maana michezo ichezwe Januari na Februari, saa nne asubuhi hadi saa nane, kabla ya ukungu na manyunyu ya jioni. Wagiriki nao walichagua msimu wao. Miezi mingine ukumbi utumike kwa baraza, kwa mahafali, kwa ibada, kwa kuwapokea wanariadha wetu wanaporudi na medali.

Na fedha? Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya shughuli na vifaa vya utamaduni, pamoja na maktaba, makumbusho na michezo. Hii si hisani ya mtu. Makadirio ya bajeti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na kabla ya hapo wananchi wanapaswa kuitwa watoe maoni. Huwa tunakwenda kwenye vikao hivyo tukaomba barabara, maji na zahanati, na tuendelee kuviomba, kwa kuwa mtu akiugua hatangoja mchezo. Lakini mkutano ujao, baada ya barabara na zahanati, naomba watu angalau kumi kutoka kila wadi ya Kuresoi Kusini wasimame waseme: tunataka ukumbi wa mlimani. Nendeni na jina la kiwanja mnachokipendekeza. Nendeni mkiwa jamii mchanganyiko, mwakilishi wenu asije akadhani ni ombi la kabila moja. Hakikisheni limeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kabla hamjaondoka, na ombeni nakala.